Filamu nimeandika mimi, hard disk iko kwake, na mnunuzi anataka jibu Ijumaa

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinitaje jina maana Tanga yetu ni ndogo na hawa ninaowasema hapa wote wanakusoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nafundisha tuisheni, ila roho yangu iko kwenye filamu tangu utotoni. Mwaka juzi niliandika skripti, ni ya binti anayerudi Pangani kumzika baba yake anakuta ng'ambo ya mto ana ndugu watatu hajawahi kuambiwa habari zao. Nikampa rafiki yangu aisome, nimwite K. K anapiga video za harusi, ana kamera nzuri na taa zake, tumejuana tangu chuo. Alisoma usiku mmoja akanipigia asubuhi anasema hii tusisubiri mtu wa Dar, tuifanye wenyewe, na neno alilosema nalikumbuka vizuri tu, "tukitoboa tunagawana kati kwa kati". Mi nikasema haya. Hatukuandika popote Shangazi, sasa unaanzaje kuandikishana na mtu ambaye mmekula naye maharage ya chuo miaka mitatu?

Hela nimetafuta mimi. Milioni 4 nilikopa kikoba, milioni 3 na laki 6 akiba yangu yote, na milioni 7 alinitumia mjomba yupo Muscat. Jumla milioni 14 na laki 6, nina daftari. Mjomba alipotuma aliandika meseji hivi, "chukua mwanangu, Mungu akufungulie, ikizaa usinisahau". Tulishuti siku 19, nyingi Pangani, siku mbili nzima tulikuwa kwenye pantoni ya kwenda Bweni mpaka mafundi wa pale wakatuzoea wakawa wanatuletea chai. Waigizaji niliwapa nauli, chakula na posho kidogo, dada muigizaji mkuu nilimpa laki na nusu. K sikumlipa, mimi pia sikujilipa. Alafu editi ilichukua miezi nane, K anafanya usiku akitoka kwenye harusi zake, na mimi naenda kwake na chupa ya kahawa. Filamu ikatoka, saa moja na dakika 40, na Shangazi usione najisifu, ni nzuri.

Sasa kimbembe. Kuna mnunuzi wa Dar anakusanya filamu za kupeleka kwenye TV na YouTube, aliona trela kwenye status ya mtu. Ametoa ofa ya milioni 9 mara moja, kaleta mkataba wa kurasa nne. Umeandikwa "Muuzaji anamkabidhi Mnunuzi haki zote za filamu, katika njia zote zilizopo na zitakazogunduliwa baadaye, duniani kote, bila ukomo wa muda". Anataka jibu Ijumaa. Mimi nilishaanza kukubali maana kikoba tunavunja mwisho wa mwezi ujao na mweka hazina wa kikoba ni mke wa K! Anasoma majina ya wenye madeni mbele ya watu na likifika langu anameza mate kwanza.

K alivyosikia akasema yeye milioni 4 na nusu zake mkononi, na kabla ya hapo hard disk haitoki kwake. Yaani ameteka filamu yangu. Nikamwambia hela nimetoa mimi, skripti yangu, akanijibu "na picha umepiga na simu yako?" Tangu hapo hatusalimiani. Mjomba naye kapiga juzi anauliza "ule mtaji wetu umefikia wapi", ilhali neno mtaji hajawahi kulitamka hata siku moja. Na yule dada muigizaji kaandika chini ya trela "mkiuza nipo" na vikatuni vya kucheka, sijui ni utani au vitisho.

Shangazi niuze au nisiuze? K nimpe nusu? Kuna mtu ananishauri niende polisi. Sijalala vizuri wiki ya pili hii.

Ni mimi niliyekwama, Tanga.

*

Marahaba mwanangu, na pole na hongera kwa pamoja. Hongera ndiyo naianza maana katika barua nzima hakuna mtu aliyekupa, watu wanaomaliza filamu ya saa moja na dakika 40 kwa milioni 14 na maharage si wengi, wengi wana skripti kwenye droo.

Kabla sijaenda mbali nikwambie mimi si wakili. Zamani niliwahi kuwa na kibanda cha kukodisha kanda za video pale Magomeni, za VHS zile, na nimeona kwa macho yangu muigizaji anakuja kukodi filamu aliyocheza mwenyewe kwa sababu hakupewa hata kopi moja, analipa mia tano kama mteja mwingine. Kwa hiyo swali lako mimi limenikaa muda mrefu.

Nikusome nilivyokuelewa. Una filamu imekamilika, una ofa ndogo kuliko gharama yako, na kuna watu wanne wanaoiangalia hiyo filamu na kila mmoja anaona fungu lake ndani, wewe, K, mjomba na huyo dada. Hakuna hata mmoja mwenye karatasi. Na wewe umeniuliza bei. Mimi mkataba wako nimeuangalia kwa ile sentensi moja uliyoninukulia, na ninachotaka uende ukakitafute sio bei. Mikataba ya namna hiyo kwa kawaida ina kifungu kingine huko mbele, watu wanakiruka kwa sababu hakina namba za hela, kinasema muuzaji anathibitisha kwamba yeye ndiye mmiliki pekee wa filamu na kila kilichomo ndani yake, na likitokea dai lolote muuzaji atamfidia mnunuzi. Soma ukurasa wa tatu na wa nne taratibu. Kama kipo, basi ukisaini leo peke yako umeapa kwamba K hana chake, mjomba hana chake, yule dada hana chake. Alafu siku K akimpigia simu yule wa Dar, milioni 9 zinaweza kugeuka deni juu ya deni. Hapo ndipo mimi ningekosa usingizi, si kwenye ofa.

Sasa hili neno "filamu yangu". Sikatai, ila ngoja tulichokoe kidogo. Skripti ni yako, hilo halina mjadala mkubwa, umeiandika na haki ya mwandishi inaanza pale kazi inapoandikwa, haisubiri muhuri. Filamu yenyewe ni jambo jingine. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, kwa kazi ya filamu haki za kiuchumi inaanza kuziweka kwa mtayarishaji, yaani yule aliyeanzisha jambo na kubeba dhamana ya kulifanya litokee, isipokuwa mkataba useme vingine. Wewe umetafuta hela, umepanga watu, umelisha watu, unafanana sana na mtayarishaji. Lakini K naye atasema wazo la kuifanya wenyewe lilikuwa lake, kamera na taa zake, miezi nane ya usiku ni yake, na maneno ya kati kwa kati wewe ulijibu "haya". Makubaliano ya mdomo kisheria ni makubaliano, ugumu wake ni kuyathibitisha tu, na wewe umeshayathibitisha kwenye barua hii! Kwa hiyo kusema ameteka, mmh. Anaweza kuwa ameshikilia kitu anachoamini nusu ni chake.

Ila na yeye kuna mahali amekosea hesabu. Kuwa na hard disk sio kuwa na haki ya kilicho ndani, kama vile mwenye friji si mwenye samaki wote waliomo. Na kamera kuwa yake hakumpi filamu. Hayo anaweza kuelezwa na mtu yeyote wa COSOTA, ambayo siku hizi ni Ofisi ya Hakimiliki, na hata nyie wawili mnaweza kupeleka mzozo wenu pale mkasikilizwa kabla ya mawakili. Polisi ningekusihi ufikirie mara mbili, nani mwenye haki gani kwenye kazi mliyofanya pamoja ni mambo ya madai, na ukishampeleka mume wa mweka hazina kituoni, hicho kikoba utahudhuria vipi?

Tukae kwenye hii "kati kwa kati" maana hapa ndipo penye nyama. Kati kwa kati ya nini? Yeye kasikia milioni 9, akagawa mbili, akapata nne na nusu. Wewe kichwani una daftari la milioni 14 na laki 6, kwa hiyo kwako mauzo ya milioni 9 ni hasara ya milioni 5 na laki 6, hakuna cha kugawana. Mlitamka neno moja mkawa na hesabu mbili, na hakuna aliyedanganya. Na kuna jambo K huenda hajaambiwa, watu wakifanya biashara pamoja bila kampuni na bila maandishi, sheria inaweza kuwatazama kama wabia, na wabia wasipokubaliana vingine wanagawana faida sawasawa na hasara sawasawa. Yaani akitaka kuwa mbia wa nusu ya mapato, na nusu ya lile deni inamtazama. Usimtupie hili kama jiwe. Mwekee mezani pamoja na daftari, kwa sababu kuna upande wa pili ambao daftari lako halina, siku 19 za kameramani mwenye vifaa vyake na miezi nane ya editi, hizo zingelipwa bei ya mtaani zingekuwa shilingi ngapi? Zikiandikwa kwenye ukurasa wa gharama, labda K anakuwa mwekezaji mkubwa kuliko kikoba. Labda hata kuliko mjomba.

Watu wa filamu huwa wanaandika foleni ya malipo, hela ikiingia nani anakunywa kwanza. Mfano, kwanza gharama za kusajili na za wakili, pili mikopo yenye riba, tatu waliotoa hela zao, nne waliofanya kazi bila kulipwa, kinachobaki ndio kati kwa kati. Nyie mnaweza kuipanga mnavyotaka, K anaweza kusema yeye asimame sambamba na mjomba na ana hoja. Muhimu foleni iandikwe kabla hela haijaonekana, sasa mmechelewa kidogo ila bado haijaingia.

Mjomba. Ile meseji yake ni nzuri lakini ina milango mitatu, inaweza kuwa zawadi, inaweza kuwa mkopo, inaweza kuwa mtaji. Wewe uliisoma zawadi kwa kuwa ndivyo ulivyotaka iwe (usinune), yeye leo anaisoma mtaji. Mpigie wewe kabla hajakupigia, mwambie mjomba naomba nikuelewe ile hela uliitoa kwa nia gani, na atakachosema muandikiane, hata kwa meseji. Kama ni mtaji mwambie ukweli kwamba mtaji unaweza usirudi wote. Waliopo Muscat wanaijua biashara, atakuelewa haraka kuliko unavyodhani, au hatakuelewa, lakini bora usikie sasa.

Huyo dada wa "mkiuza nipo" mimi naona ni utani wenye njaa ndani yake. Alisaini karatasi ya kukubali sura na sauti yake itumike na kuuzwa? Barua yako haisemi, nadhani hakusaini. Hiyo ni karatasi ya ukurasa mmoja, na ni rahisi kuipata leo kwa heshima na nyongeza kidogo kuliko siku filamu iko kwenye TV ya kila nyumba. Waigizaji wote, sio yeye tu.

Nina maswali mawili hujayagusa. Kuna muziki? Msiba wa Pangani usio na sauti ya redio siuamini. Kama mmeweka wimbo wa mtu, kuna haki ya aliyetunga na kuna haki ya mwenye kurekodi, ni milango miwili. Kama mliuweka kwenye editi K anautoa kwa jioni moja. Kama ulikuwa unalia kwenye spika wakati mnashuti umeshaingia ndani ya maongezi ya waigizaji, hapo ni kazi. Na la pili, kibali. Ruhusa ya mtendaji wa mtaa na chai ya watu wa pantoni sio kibali cha Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, inadai kibali cha kutengeneza filamu na inadai filamu ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa. Kama hamkufanya nendeni mkaulize namna ya kuweka sawa, usisubiri mnunuzi akuulize.

Njia zako sasa, ninavyoziona mimi.

Kuuza haki zote. Faida yake kikoba kinatulia, na ile milioni 9 ni hela ya kweli mkononi, asikudharau mtu kwa kukwambia ni kidogo wakati yeye hana deni. Hatari yake, "bila ukomo wa muda" maana yake ni hivyo hivyo, filamu ikija kupendwa mwaka 2040 hutapata hata nauli, na hata skripti angalia isije ikawa imemezwa humo ukashindwa kuandika sehemu ya pili ya hadithi yako mwenyewe. Kama moyo wako uko huku, basi mwombe mnunuzi angalau atoe skripti na sehemu ya pili nje ya mauzo, na msaini wewe na K wote.

Kukodisha badala ya kuuza. Yaani unampa leseni, TV peke yake, Afrika Mashariki peke yake, miaka miwili au mitatu, ikiisha inarudi kwenu. Hapa bei itashuka, hilo lijue, na huyu wa Dar anaweza kusema hapana akaondoka kweli. Lakini neno "haki zote" huwa ni ofa ya kufungulia mazungumzo kuliko watu wanavyofikiria. Na Ijumaa ni Ijumaa yake. Mwandikie kwa adabu kwamba unakusanya saini za wahusika unahitaji wiki mbili, mnunuzi makini anapenda kusikia hivyo kwa sababu inamlinda na yeye. Akikimbia kwa ajili ya wiki mbili, sijui, na hiyo ni habari pia.

Kujiwekea YouTube. Wengi wanaisema kama vile ni kisima. Ili chaneli mpya ianze kugawiwa matangazo inahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kwa filamu yako hiyo ni watu 2,400 walioitazama mpaka jina la mwisho, na watu hawatazami mpaka jina la mwisho. Inawezekana, ila mwisho wa mwezi ujao haipo. Na ikishakuwa huko bure, wa TV ofa yake itanywea.

Tamasha la filamu, kwa mfano ZIFF pale Zanzibar, linafungua milango na majina, na matamasha mengi hayataki filamu iliyokwishazagaa mtandaoni kwa hiyo njia hii ikija lazima itangulie. Hela yake haina uhakika na haina tarehe. Ukiichagua maana yake unatafuta njia nyingine kabisa ya kumaliza ile milioni 4, labda kuomba kikoba wakupangie upya, labda K na wewe mpige harusi kadhaa pamoja mkimaliza kununiana. Sijui kama una nguvu ya kusubiri. Wewe ndiye unajua.

Utaniona nimezunguka sijasema uza au usiuze. Ni kweli, kwa sababu leo huna cha kuuza bado, una nusu ya saini. Chochote mtakachokubaliana na K kiwe ukurasa mmoja, muusaini mbele ya shahidi, alafu mkalipie ushuru wa stempu, maana karatasi isiyolipiwa mahakamani inaweza kukataliwa kupokelewa. Na mkataba wa Dar tafuta wakili ausome, saa moja ya wakili ni sehemu ya bajeti ya filamu, daftari lako liliishia siku ya mwisho ya editi na hii kazi ya huku nyuma haikuwekewa hata senti. Hujafanya jambo la ajabu, karibu kila mtu wa filamu ya kwanza ndivyo anavyofanya.

Swali la mwisho, na hili ndilo limenifanya nikujibu mapema kabla ya barua nyingine. Hiyo hard disk ya K ina pacha wake? Kopi ya pili iko wapi? Kama jibu ni hakuna, basi mnagombania kitu ambacho kinaweza kudondoka kutoka kwenye kabati kesho asubuhi, au mtoto akakimwagia uji, na siku 19 za Pangani zikawa hadithi. Nunua hard disk mpya. Usimpelekee mkataba wala daftari safari hii, mpelekee hiyo na chupa ya kahawa kama zamani, mwambie naomba tuikopi, moja ibaki kwako moja kwangu, mengine tutaongea. Kukopi filamu nzima na picha zake zote ghafi inachukua masaa, mtakuwa mmekaa chumba kimoja mnaangalia mstari unajaa taratibu. Niandikie mliongea nini.

Shangazi yako.